Ustawi, dawati la polisi au mahakamani: uanze na mlango upi ukiwa unalea peke yako?

Mwanamke aliyeachiwa mtoto Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya hakosi pa kwenda. Pa kwenda ni pengi mno, na kila jirani ana pake. Mmoja atamwambia, "Mpeleke polisi, akilala ndani siku mbili atatoa hela." Mwingine atamwelekeza Ustawi wa Jamii. Shangazi atataka kikao cha ukoo kwanza, na hakosekani anayemjua wakili. Wote wana ukweli wao. Ila kila mlango hutoa kitu tofauti, na ukianza na usiokufaa utazungushwa mpaka nauli ikuishie, kisha urudishwe kwenye ule ulioupita asubuhi.

Hapa nailinganisha milango hiyo kwa Tanzania Bara, na namlenga zaidi singo maza anayedai matunzo, kwa kuwa ndiye anayejaza mabenchi ya ofisi hizi. Akina baba wanaolea peke yao wapo pia na njia yao ni hiihii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamzungumzia mzazi, awe wa kike au wa kiume.

Kigezo changu si ofisi ipi iko karibu wala ipi ina ukali. Naangalia karatasi. Ukitoka pale, umetoka na karatasi gani, na ofisi inayofuata itaipokea? Taasisi hizi zinashirikiana kweli, lakini zinashirikiana kwa barua, na faili halijitembezi kutoka halmashauri hadi kituo cha polisi hadi mahakamani. Unalibeba wewe, kwenye bahasha ya kaki, pamoja na nakala.

Ustawi wa Jamii

Maofisa ustawi wa jamii wako kwenye halmashauri, na baadhi ya kata zina wa kwao. Huduma ni bure. Unapitia serikali ya mtaa upate barua ya utambulisho, unakwenda nayo, unafunguliwa faili, na hapo maswali yanaanza:

"Baba wa mtoto anafanya kazi gani?"

"Fundi."

"Fundi wa nini, mama? Yuko saiti gani? Anayempa kazi unamfahamu?"

"Anapaua. Sasa hivi nasikia yuko Chanika."

"Chanika kubwa. Mtaa gani?"

Maswali haya huwaudhi wengi. Mama amekuja kulia shida, anaulizwa kama yeye ndiye mshitakiwa. Lakini afisa hawezi kumwita mtu asiyejulikana anakoishi. Barua ya wito hupitia kwa mtendaji wa mtaa anakokaa huyo baba, na mara nyingi ni mama mwenyewe anayekabidhiwa aipeleke. Kwa hiyo kabla hujaenda, hakikisha unajua mtaa wake, kazini kwake au kwa ndugu yake, na namba ya simu inayopatikana. Mwenye hivyo anapangiwa tarehe siku hiyohiyo. Asiye navyo anaambiwa akatafute.

Baba akiitika wito, wanakaa meza moja. Afisa anaorodhesha mahitaji ya mtoto, yaani chakula, kodi, mavazi, matibabu, michango ya shule na nauli, kisha anamuuliza kila mmoja kipato chake. Wakielewana, makubaliano yanaandikwa na kusainiwa, kila mtu na nakala yake. Uzuri wa njia hii ni kwamba inaweza kumfuata mtu alivyo. Fundi anayelipwa kwa wiki anapangiwa kwa wiki, na mvuvi anaweza kupangiwa kwa kufuata msimu wake. Tena inaacha mlango wazi, kwa sababu hawa wawili bado watakutana kwenye homa za mtoto, mahafali na harusi yake.

Udhaifu wake nao unajulikana: afisa ustawi hana pingu, na makubaliano ya mezani kwake si amri ya mahakama. Baba akipuuza wito wa kwanza, wa pili na wa tatu, kinachobaki ni afisa kumwandikia mama barua aende mahakamani. Hapo wengi hukata tamaa na kusema wamepoteza muda. Mimi naona kinyume chake. Sheria inataka afisa ustawi awepo kwenye vikao vya Mahakama ya Watoto, na mahakama inaweza kumwagiza achunguze hali ya familia na kuleta ripoti kabla ya kuamua matunzo. Ukifika huko na afisa anayelijua faili lako, mwenye nakala za wito uliopuuzwa, huanzi sifuri. Ndiyo maana kwa matunzo ya kawaida, pasipo kipigo na pasipo kukana mtoto, mimi namwelekeza mtu Ustawi kwanza.

Dawati la Jinsia na Watoto

Dawati liko kwenye vituo vya polisi, aghalabu chumba cha pembeni mbali na kelele za kaunta. Kinachovuta watu huku ni sare. Mwanaume aliyezichana barua za ustawi, akipigiwa na afande anafika kabla ya saa kumi, amechomekea. Na afande ana pa kusimamia, maana kuacha kumtunza mtoto ni kosa chini ya Sheria ya Mtoto. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili.

Sasa itazame njia hiyo mpaka mwisho. Jinai humwadhibu mtu, haimpangii hela ya matumizi. Faini inaingia serikalini, na kifungo kinamtoa kazini hukohuko ilikotakiwa kutoka hela ya maziwa. Hata ile elfu hamsini anayoitoa pale kwa woga ni ya siku ile. Mwezi unaofuata woga umeisha na simu haipokelewi. Haishangazi basi kwamba askari wa dawati, wakiona suala ni matunzo matupu, humwandikia mama barua aende Ustawi. Umefika kulekule, umechelewa, na baba mtoto sasa ana kinyongo.

Mambo yanageuka pakiwa na kipigo, vitisho, mtoto kunyakuliwa, au ukatili wowote dhidi ya mtoto. Hapo dawati ndilo la kwanza, na usikubali kuambiwa mkayamalize nyumbani. Chukua namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, chukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kama kuna jeraha, uende hospitali mapema kabla alama hazijafutika. Matunzo yatafuata baadaye. Vivyo hivyo kwa binti wa chini ya miaka 18 aliyepewa mimba: hiyo ni kesi ya jinai kabla ya kuwa suala la matumizi, hata kama familia mbili zimeshaanza kuhesabiana ng'ombe. Binti huyo ana mlango mwingine ambao wazazi wengi hawauulizii, nao ni shule. Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi kwenye mfumo rasmi, kwa hiyo afisa elimu kata naye aingizwe kwenye orodha.

Msaada wa kisheria na mahakama

Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Utawakuta kwenye kata na wilaya, na nyuma yao kuna mashirika kama TAWLA, WLAC na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Msaidizi hasimami mahakamani badala yako. Anakueleza haki yako, anakusaidia kuandaa maombi na anakuonyesha dirisha la kupeleka. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa 2023, imezunguka mikoani na mahema yake na kuwafikia watu ambao hawajawahi kukaa na mwanasheria. Ni nzuri kwa ushauri. Kwa shauri litakaloahirishwa mara nne, mtafute mtu ambaye hema likishang'olewa bado utamkuta ofisini.

Wakili wa kulipia je? Kama kuna nyumba ya kugawana, au baba ana biashara inayoficha kipato, analipika. Kwa matunzo ya mtoto mmoja dhidi ya dereva wa bodaboda, ada yake inaweza kumeza kilichodaiwa.

Maombi ya matunzo hupelekwa Mahakama ya Watoto, ambayo husimamiwa na hakimu mkazi. Vikao vyake ni vya faragha, si ukumbi wa wazi wenye watazamaji, jambo linalowatuliza akina mama wengi waliokuwa wakiogopa aibu. Anayeweza kuomba si mama pekee. Mlezi, ndugu, afisa ustawi na hata mtoto mwenyewe kupitia mtu mzima wanaweza. Bibi anayelea wajukuu Singida ilhali wazazi wote wawili wako mjini anaingia hapo vizuri kabisa.

Tofauti kubwa na Ustawi ni kwamba kinachotoka huku ni amri, na kuna njia ya kisheria ya kuitekeleza. Lakini usiende ukidhani hakimu atamtazama baba tu. Sheria inamtaka apime kipato na mali za wazazi wote wawili, mzigo wa watoto wengine walio nao, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Mwenye genge lake ataulizwa genge linaingiza nini. Hata hivyo hii ni nafuu kubwa ukilinganisha na tulikotoka. Sheria ya kikoloni iliyofutwa na ile ya 2009 ilikuwa imeweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi kwa mtoto wa nje ya ndoa, na iliendelea kuwapo vitabuni hadi hela hiyo ikawa ya kununulia pipi.

Kinachobeba shauri la matunzo ni daftari. Andika kila wiki: unga, mkaa, dawa, michango ya shule, kiatu kilichochanika. Weka risiti zilizopo. Omba taarifa ya miamala kutoka mtandao wako wa simu, maana baba aliyekuwa akituma elfu kumi kila Ijumaa mpaka Machi, kisha akanyamaza, ameacha alama zinazosema mengi kuliko shahidi. Mesiji usizifute, hata zile za matusi. Hasa zile za matusi, kwani ndani yake mara nyingi kuna "mwanangu".

(Zanzibar wana sheria yao ya watoto, ya 2011, na Mahakama za Kadhi zinazosikiliza mambo ya familia ya Waislamu, kwa hiyo msomaji wa huko asifuate ramani hii neno kwa neno. Kenya mlango wa kwanza unaofanana na Ustawi ni afisa wa watoto, na Sheria ya Watoto ya 2022 imesimama juu ya ibara ya 53 ya Katiba yao, inayowapa baba na mama wajibu sawa wawe wameoana au la.)

Akikana mtoto

Hapa ndipo ushauri wangu wa "Ustawi kwanza" unapungua nguvu. Usuluhishi unahitaji watu wawili wanaokubaliana kwamba mtoto ni wao. Mmoja akisema si wake, mnazunguka tu.

Watu hukimbilia DNA, lakini huwezi kwenda mwenyewe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ukaomba upimiwe. Maombi hupitia kwenye mamlaka zilizotajwa kisheria, zikiwemo mahakama, Ustawi wa Jamii, polisi na mawakili. Kupitia Ustawi inawezekana kama baba anakubali kupimwa na ana hela, maana kipimo kinalipiwa. Akigoma, afisa hana la kumfanya. Mahakamani kugoma kwenyewe kunahesabika: sheria inakutaja kukataa kupimwa miongoni mwa mambo ambayo mahakama inaweza kuyatumia kuamua nani ni mzazi. Mengine ni jina lililo kwenye kumbukumbu ya uzazi, mila aliyotimiza kwa ajili ya mtoto, na kukiri kwake mbele za watu. Aliyepeleka mbuzi siku ya kumtoa mtoto nje, akapigwa picha akiwa amembeba, atapata kazi ya kumweleza hakimu kwamba hamjui.

Kwa hiyo aliyekanwa aende moja kwa moja kwa msaidizi wa kisheria, waandae maombi ya ubaba na matunzo kwa pamoja. Na cheti cha kuzaliwa kisingoje ugomvi uishe. RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, ilianza 2013 mkoani Mbeya mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka 5 bure kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, na mpango huo umekuwa ukipelekwa mikoa mingine.

Paa moja, au barua kumi

Kuna majaribio mawili ya kuondoa uzururaji huu, na watu huyachanganya.

Kituo Jumuishi cha Temeke kilianza 2021 kwa ajili ya mashauri ya familia: ndoa, talaka, mirathi na watoto. Mahakama kuanzia ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu ziko jengo moja, na wadau wa huduma za familia wamewekwa karibu nazo. Kwa mkazi wa Dar es Salaam mwenye shauri lenye matawi mengi, mfano mume amefariki, mirathi haijafunguliwa na kuna mtoto wa nje anayetambuliwa nusunusu, mimi nisingefikiria mara mbili. Kinachoua familia kwenye mirathi ni kusukumwa kutoka mahakama hii hadi ile.

Vituo vya Mkono kwa Mkono ni kitu kingine. Viko hospitalini, kama Mnazi Mmoja Zanzibar na Amana jijini Dar es Salaam, na vinamkutanisha aliyefanyiwa ukatili na daktari, askari, afisa ustawi na mshauri chini ya paa moja. Mtu asimulie mara moja, asirudie kuivua nguo ya aibu mbele ya meza nne. Ni vya ukatili. Ukienda na shida ya matunzo tu, watakuelekeza kwingine.

Nje ya miji hiyo, kinachoziunganisha taasisi ni kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoundwa chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza mwaka wa fedha 2017/18. Humo hukaa mtendaji, afisa maendeleo ya jamii, ustawi, polisi, watu wa afya na elimu, na viongozi wa dini. Kamati hizi hazifanani. Kuna kata zinakutana na kufuatilia kesi kwa majina, na kuna kata ambako kamati hufufuka mgeni wa mkoa anapokaribia. Usizihesabu kama mlango wa kuanzia. Ni nyundo ya kutumia mlango mmoja ukikwama: afisa hajarudisha jibu, au askari anasema faili halionekani. Mwombe mtendaji wa kata alipeleke suala lako kwenye kikao, na uombe kwa maandishi. Ombi la mdomo huishia kwenye korido.

Mwenye ndoa halali aliyetengana na anayetaka talaka apitie kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata au la dini yake, kwani mahakama itadai hati ya baraza kwamba usuluhishi umeshindikana. Mjane aanze na cheti cha kifo, kisha mirathi, kisha mfuko wa hifadhi ya jamii aliokuwa akichangia marehemu. Akiruka hatua atarudishwa.

Hela ya kula leo

Shauri linaweza kuchukua miezi, na mtoto hali amri. Upande wa kipato kuna milango miwili inayotajwa sana, na haifanani hata kidogo.

TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, kupitia mpango wa kunusuru kaya maskini, imekuwa ikitoa ruzuku kila baada ya miezi miwili, sehemu yake ikifungamana na watoto kuhudhuria kliniki na shule. Haiombwi dirishani. Kaya huibuliwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, na kigezo ni umaskini wa kaya. Kulea peke yako hakutoshi. Mama anayeishi kwa wazazi wake mara nyingi huhesabiwa ndani ya kaya ya babu, na hapo hukosa. Lililo mikononi mwako ni kuhudhuria mkutano siku ya kuibua kaya na kuhakikisha mjumbe wako anajua unapika chungu chako mwenyewe.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inaombwa. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 na ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Tatizo kwa anayelea peke yake ni kikundi, kwani hukopeshwi kama mtu mmoja, na mwenzako akitoroka na sehemu yake deni linawaangukia waliobaki. Mwenye mtoto anayenyonya, asiye na wa kumwachia siku za vikao, afikirie vizuri kabla ya kusaini. Kwa mtu wa namna hiyo naona vicoba vya watu wanaojuana, hisa ndogo na vikao vya jioni, vinamfaa zaidi kwa mwaka wa kwanza. Faida yake nyingine ni makaratasi: kikundi chenye katiba, mihtasari ya vikao na akaunti ya benki kinakuwa kimeshakamilisha sehemu kubwa ya vile afisa maendeleo ya jamii wa kata anavyovidai kwanza mnapokwenda kuomba mkopo wa halmashauri.